Kamera Inayoona Juani na Kivulini: Hotuba Fupi ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati hiyo hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti, ambaye namwona amekaa, hongera sana, waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, na wasaidizi wa wakurugenzi wasaidizi, viongozi wetu wa dini, mliotuombea mwanzo na ambao, kwa ratiba ilivyo, mtatuombea tena mwisho, mtaalamu mwelekezi, uliyetuelekeza mpaka tukafika hapa tulipo, shemeji yangu, wanahabari, wahitimu wetu kumi na wawili wa mafunzo ya utengenezaji wa filamu, na ninyi wananchi wote mlioko kule juani: itifaki imezingatiwa. Na kama yupo mkubwa yeyote ambaye itifaki haikumzingatia, anyooshe mkono tumzingatie sasa hivi. (Mikono saba inanyooshwa. Inazingatiwa yote, mmoja mmoja, kwa vyeo.)

Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno mengi. (Kikohozi.) Najua mmekaa hapa tangu asubuhi, tena nalijua kwa ushahidi, maana niliwaona kwa macho yangu nilipopita na gari kwenda kunywa chai. Nikamwambia dereva, tazama watu wanavyoyapenda maendeleo. Najua pia jua ni kali. Turubai hili, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanyika, linawatosha viongozi tu, lakini katika awamu ya pili ya sherehe hii tutaangalia uwezekano wa kivuli cha wananchi. Viti navyo ni hivyo hivyo. Naona pale mbele Mama Fundi, fundi cherehani wetu maarufu, amekosa kiti na ameamua kukaa juu ya tofali. Huo ndio ubunifu tunaouhubiri! Makofi kwa Mama Fundi na tofali lake. (Makofi turubaini. Mama Fundi anavuta upindo wa gauni kufunika tofali.)

Na yule binti aliyesimama mbele ya jukwaa na boksi jeusi begani ni binti yake wa kumzaa, na ndiye mhitimu bora wa mwaka. Wageni wetu msishangae. Lile boksi ni wazo langu binafsi. Mtaalamu mwelekezi alitutahadharisha kwamba kamera tuliyokusudia kuileta ni nzito, na bega lisilozoea litauma siku ya kwanza tu. Nikaona mbali. Nikasema, kwani lazima kamera ifike ndipo mabega yaanze kuzoea? Tukachukua boksi la kadibodi, tukalipaka rangi nyeusi, tukalitoboa tundu kwa mbele, tukatia ndani matofali mawili, tukalifunga kwa gundi ya karatasi. Vijana wakalibeba kwa zamu mwaka mzima. Leo hii ukimsukuma mhitimu wetu yeyote bega la kulia, unaumia wewe. (Kicheko turubaini.) Nikaagiza kwamba leo mhitimu bora alibebe boksi hilo tangu mwanzo hadi mwisho, anirekodi kwa vitendo, ili wageni waone kiwango chetu.

(Binti: "Samahani, Mheshimiwa. Umesimama kivulini, uso hauonekani. Naomba usogee mbele kidogo.")

Mnaona? Mnaona nidhamu ya kazi hiyo? Anajua kabisa amebeba matofali, lakini anapanga picha kwa dhati ya moyo! Nasogea, mwanangu, nasogea. Hata tofali likikutazama, mtu mzima lazima upendeze. (Anasogea hatua moja. Anarekebisha tai.)

Sasa niingie kwenye kiini. Teknolojia tunayoizindua leo inaitwa hai dainamiki renji. Narudia kwa faida ya wanahabari: hai, dainamiki, renji. Nilianza kulifanyia mazoezi jina hili ndani ya ndege, nikaendelea nalo bafuni hotelini, na leo nimelitamka mbele yenu bila kusoma popote. (Makofi marefu turubaini. Shemeji anasimama kabisa.) Kwa lugha nyepesi, ni upana wa mwanga. Chukua mtu aliyekaa mlangoni, ndani kuna giza, nje jua linawaka. Jicho lako linamwona yeye na linaiona barabara. Kamera ya kawaida haiwezi, ni bahili. Ikimpa mwanga yule wa ndani, nje kote kunakuwa kweupe kama shuka la hospitali. Ikiipa barabara, yule wa ndani anageuka sizi. Lazima mmoja apotee. Kamera hii yetu haipotezi mtu. Aliyeko juani anaonekana, na aliyeko kivulini anaonekana mpaka kope, wote kwenye fremu moja. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, nami naongeza kwamba mbele ya kamera hii hakuna wa kujificha! (Makofi. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti anasogeza kiti chake nyuma.)

Ili kulielewa jambo hili kwa kina, ujumbe mzito ulisafiri ng'ambo kwa ziara ya mafunzo. Nilikuwepo mimi kama kiongozi wa msafara. Mke wangu, kwa upande wa masuala ya jinsia. Shemeji yangu, kwa upande wa sekta binafsi. Kitinda mimba wangu, kwa upande wa vijana. Na mama mkwe, kwa upande wa makundi maalumu. Mtaalamu wa kamera naye alikuwa aje, ila nafasi zilijaa. Tulipofika tuligundua kwamba kiwanda cha kamera kiko mbali na hoteli, na kwa kuzingatia matumizi bora ya muda tukaazimia kujifunzia hapo hapo hotelini. Jioni mhudumu mmoja akatupiga picha ya pamoja kwenye ngazi. Nikamuuliza, kijana, hii ni hai dainamiki renji? Akatabasamu. Tukaandika kwenye ripoti kwamba majadiliano na wataalamu wenyeji yalikuwa na tija.

Tuliporudi, mafunzo yakaanza mara moja. Sisi si watu wa kusubiri vifaa. Ukisubiri vifaa utazeeka, ilhali nadharia ipo na haihitaji betri. Katika awamu ya kwanza vijana walijifunza kupanga fremu kwa vidole, hivi, vidole gumba na vya shahada. Walizunguka mtaani wakitazamana kwa vidole mpaka wenye maduka wakaanza kufunga mapema. Chumba cha kuhariri picha kilikuwa na meza, na juu ya meza tulichora kwa chaki mahali ambapo kompyuta itakaa. Vijana walifundishwa kuiheshimu ile chaki. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe pale. Mwalimu wao alikuwa msanii mzoefu, aliyewahi kuigiza maiti katika mchezo wa redio, na wasikilizaji waliosikia wanasema hawajapata kusikia maiti aliyetulia vile. (Kicheko kutoka juani, cha kwanza leo.)

Matokeo mnayaona. Kati ya wahitimu kumi na wawili, asilimia tisini na nne wamefaulu, na asilimia sita iliyobaki tunaendelea kumtafuta ni nani. Uelewa wa mwanga umepanda mara nne. Uimara wa mabega umepanda mara saba. Aidha, idadi ya vijana wanaosema "kata!" kwa sauti ya kujiamini imeongezeka kiasi kwamba wenye mabucha wamelalamika.

(Binti: "Hatua moja tena, Mheshimiwa. Bado kipande cha uso kiko kizani.")

Haya, mwanangu. (Anasogea. Sasa jua linamgonga kifuani.) Huyu binti ni king'ang'anizi, lakini namsamehe, kwa sababu mtihani wake wa mwisho ulinigusa hata mimi ambaye si rahisi kuguswa. Mtihani wa vitendo unahitaji filamu, na filamu inahitaji kamera. Tukakubaliana kwamba kila mwanafunzi abebe boksi, alielekeze anapotaka, halafu amsimulie mtahini kile ambacho kingekuwa kimeingia. Wengine walisimulia mapigano, mmoja akasimulia ajali ya ndege, tukamtahadharisha kuhusu bajeti. Huyu akamsimulia mama yake.

Alisema mama yake alikuwa anakaa mlangoni pa kibanda chake na cherehani kwa sababu ndani hakukuwa na umeme na macho yake yanataka mwanga. Akasema, mama anakata uzi kwa meno, halafu anainua kichwa kutazama watoto wa shule wakirudi, na anawaita kwa nguo alizowashonea: wewe marinda, njoo, wewe mfuko uliochanika, njoo nikutie kiraka. Akasema tangu akiwa mdogo amejaribu kumpiga picha mama yake pale kwa simu, na kila mara ama mama anatoka mweusi kama sizi, ama watoto wanapotelea kwenye weupe. Hajapata hata mara moja kuwaweka pamoja, mama na wale watoto. Ndiyo sababu alijiunga na sisi. Siku ya usaili tulipomuuliza unataka nini katika tasnia, alijibu kwamba anataka picha hiyo moja kwanza, mengine baadaye. Mtahini alilia, ndugu zangu. Akampa alama zote, akafuta machozi, akaomba aonyeshwe tena.

(Mama Fundi, bila kuinuka kwenye tofali: "Na mlango wenyewe mmeubomoa!")

(Kelele juani. "Sema, mama!" "Waambie!")

Tulizaneni. Tulizaneni, tafadhali. Mama Fundi, mama yangu, hoja yako nimeipokea na naijibu kwa takwimu. Ule mlango haukubomolewa. Ulipisha. Vibanda ishirini vya mafundi vilivyokuwa hapa tunapokaa viliombwa kupisha ujenzi wa kituo cha filamu, na tingatinga likaja kusaidia katika kupisha huko.

(Mama Fundi: "Lilinikuta na nguo za watu, baba. Nguo za sikukuu za watoto. Nikawa naokota vipande kwenye vumbi.")

Na vipande hivyo, mama, ndivyo msingi wa maendeleo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nawe uliinama, tunakushukuru. Kituo hakijaonekana bado, ni kweli, lakini tazama nyuma yangu. Bango lile linaonyesha jengo la ghorofa tano, lina vioo, lina bustani, na kuna mtu mwenye furaha anapita na mkoba. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

(Sauti kutoka nyuma: "Mbona hapa hakuelei kitu?")

Sasa nitoe ufafanuzi, kwa sababu kuna minong'ono mitaani. Kuna watu, tena wengine wamekunywa soda za sherehe hii hii, wanasema mradi huu ni hewa. Sitaki kulumbana nao. Nawauliza tu swali moja la kisayansi: nani kati yenu anaweza kuishi bila hewa? (Makofi ya nguvu turubaini. Mtaalamu mwelekezi anaandika.) Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Kazi ya uongozi ni kulisema.

Kabla sijafika kwenye vyeti, naona binti ana neno. Ongea, mwanangu, lakini usilitue boksi.

(Binti: "Mheshimiwa, Jumatatu naitwa kwenye usaili kwenye kituo cha televisheni. Wamesema vyeti hawavitaki. Wanataka filamu moja niliyoipiga mwenyewe, hata fupi. Mwaka mzima sijashika kamera. Niwapelekee nini?")

Swali zuri. Swali zuri sana, na limekuja wakati mwafaka. Ofisi yangu itakuandikia barua ya kuthibitisha kwamba, endapo ungepewa kamera, ungepiga vizuri. Nitaisaini kwa mkono wangu na muhuri wa duara. Hebu niambieni, ni mwajiri gani atakataa muhuri wa duara? Na kama wakikaza shingo, unabeba boksi, unawasimulia. Yule mtahini wetu alilia, na hao nao ni binadamu.

(Binti: "Wao wanataka kuona, Mheshimiwa.")

Vijana wa siku hizi mnataka kuona kila kitu! Sisi wazee wenu tulikua kwa imani. Basi, nadhani limeeleweka. Vyeti mtapokea leo, vimeviringishwa na kufungwa utepe mwekundu, na naomba msivifungue hapa, wala nyumbani, mpaka mtangaziwe, kwa kuwa maandishi yake bado yako kwenye mchakato.

Hapa ninaambiwa na Mwenyekiti kwamba ndugu zetu wanahabari wanaomba ruhusa, gari lao linawahi uzinduzi mwingine. Nendeni salama. Picha ya kukata utepe mmepata? Na ile niliyomshika mtoto? Wa nani yule mtoto? Haidhuru. Kwaherini, tutaonana kwenye habari. (Wanahabari wanakusanya nyaya zao na kamera zao, wanaondoka. Gari linawashwa, linapotea.)

Wameenda? Mtu achungulie getini. Wameenda. Haya.

(Mgeni rasmi analegeza tai.)

Sasa tumebaki wenyewe kwa wenyewe, ndugu wa nyumba moja, tuongee Kiswahili cha sebuleni. Zile kauli za mwanzo zilikuwa za magazetini. Wiki ijayo kuna wageni wanakuja, wale waliochangia mradi huu, wanataka kukagua. Wana tabia hiyo, ukiwaambia kitu kipo wanapanda ndege kuja kukitazama. Kwa hiyo lazima tuwe na kauli moja, maana nyumba ikiwa na kauli mbili, mgeni ndiye anayefaidi. Wakiwauliza kamera iko wapi, mseme imekwenda porini kupiga wanyama. Wakiuliza kituo kiko wapi—

(Binti: "Mheshimiwa, samahani tena. Ukiongea unarudi nyuma. Hatua mbili tu mbele, hapo kwenye mwanga, na usogeze kipaza sauti, sauti itoke vizuri.")

Huyu naye! Wanahabari wameondoka, mwanangu, hapa hakuna kamera, kuna kadibodi. Lakini nimeipenda hiyo, nimeipenda sana. Mwanafunzi anayefanya mazoezi mpaka dakika ya mwisho! Shemeji, jifunze. Nakuja hapo kwenye mwanga. Hapa? Hapa. (Anasimama juani kabisa, paji linang'aa kwa jasho. Anajifuta kwa leso, anatabasamu kuelekea kwenye tundu la boksi.) Nilikuwa wapi? Kituo. Wakiuliza kituo kiko wapi, mseme kimefungwa kwa ukarabati. Msicheke, ni kweli. Kwenye ripoti zetu kituo hiki kilikamilika mwaka juzi. Mwaka jana tukaandika kwamba paa linavuja, tukaletewa fungu la ukarabati. Leo tumekizindua kwa sababu mkaguzi mmoja mwenye roho mbaya aliuliza, mbona mmekarabati jengo ambalo halijazinduliwa? Nikasema, aa, kumbe ni hilo tu?

Mnaniangalia vibaya. Kwani mmenyimwa nini? Kamera hamkuwa nayo kabla, na kamera hamnayo sasa, hali yenu iko palepale, hamjapata hasara. Na atakayekwenda kinyume na kauli yetu, namheshimu, ni haki yake, ila akumbuke kwamba vile vibanda vya upande wa pili wa barabara bado vimesimama, na dereva wa tingatinga namba yake ninayo. Mama Fundi, nasikia siku hizi umepewa kona kwenye kibanda cha dada yako huko upande wa pili. Mkae vizuri. (Mtu mmoja juani anajaribu kupiga makofi, anaacha.)

Basi nimalizie kwa shukrani, kwa kuwa mimi ni mtu wa shukrani. Kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu, aliyetupatia lile bango. Jengo mnaloliona pale ni ile hoteli tuliyolala, alilipiga picha kutoka kwenye teksi, na yule mwenye furaha na mkoba ni yeye mwenyewe. Nawashukuru wenzetu wa zahanati kwa kutuazima jiwe lao la msingi, naomba lirudishwe jioni, lisikwaruzwe, bado nao hawajalitumia. Nawashukuru waliotuazima turubai, na poleni tena kwa msiba. Namshukuru mtaalamu mwelekezi, aliyeandika kwamba kamera imewasili, imefungwa na inafanya kazi kwa ufanisi, na akaweka hata sauti yake inapowashwa. Zaidi ya wote naishukuru kamera yenyewe, ambayo haijawahi kuagizwa, haijawahi kusafirishwa, haijawahi kuharibika, wala haijamsumbua mtu. Ningepata watumishi wa namna hiyo kumi tu, ningekuwa mbali.

Sasa tuitikie kauli mbiu yetu kwa pamoja, nataka isikike mpaka barabarani. Nikisema "Kamera!", mnasema "Inaona!" Kamera!

(Kimya.)

Kamera!

(Shemeji, peke yake: "Inaona!")

Wananchi mbona hamwitikii? Mnatazama nini? Nikisema "Mwanga!", mnasema "Kwa wote!" Mwanga! Ndugu zangu, mimi niko huku, mbona wote mnalitazama boksi?

(Binti: "Imetosha, Mheshimiwa. Ahsante.")

Nini kimetosha? Nani amekuruhusu kulitua? Mwanangu, hiyo gundi ya karatasi si ya kufunguliwa, hilo boksi ni mali ya mradi, ndiyo mali pekee ya... Hiyo ni nini? Mwenyekiti, hebu nisaidie, macho yangu hayaoni vizuri na hili jua. Anatoa nini mle ndani?

(Mwenyekiti, kwa sauti ndogo: "Simu, mkuu. Na tofali.")

Tofali nalijua. Nimeliweka mimi. Lakini yalikuwa mawili, tulipima uzito. Kama simu imekaa mle, tofali la pili limeenda wapi?

(Mama Fundi anainuka taratibu. Anakung'uta gauni. Anaokota tofali alilokuwa amelikalia tangu asubuhi, analiweka jukwaani, kwenye miguu ya mgeni rasmi. Ubavu wake mmoja una rangi nyeusi.)

Mama Fundi. Mama yangu. Tusifikishane huko. Binti, njoo hapa tuongee kama mtu na baba yake. Hiyo simu ni ya kawaida tu, siyo? Haina hai dainamiki renji? Wewe mwenyewe umesema simu ikitazama kivulini mtu anatoka sizi, mama yako hakuwahi kuonekana hata siku moja. Basi na mimi sionekani. Niambie sionekani.

(Binti: "Kivulini usingeonekana, Mheshimiwa. Ndiyo maana nilikuwa nakuomba usogee juani.")

(Mgeni rasmi anatazama miguu yake. Anatazama turubai, ambalo sasa liko hatua nne nyuma yake na viti vitupu. Shemeji keshafika getini.)

Na... na hiyo filamu unaipeleka wapi?

(Binti: "Jumatatu, Mheshimiwa. Walitaka moja niliyoipiga mwenyewe.")